Kuta Zinazopauka: Matangazo ya Rangi kama Hati za Historia ya Kiswahili

Wanahistoria wa Kiswahili wamezoea kutafuta ushahidi wao katika hati za tendi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, katika kamusi za wamisionari, na katika magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Kuna ushahidi mwingine ambao umekuwa mbele ya macho ya kila mpita njia, na labda kwa sababu hiyohiyo haukuhesabiwa. Nao ni maandishi ya biashara yaliyochorwa kwa brashi juu ya kuta za maduka, hoteli, maghala na vibanda vya vinyozi, kuanzia mwambao hadi bara. Mengi hayana tarehe wala jina la aliyeyaandika. Jua na mvua huyapausha, na tangu mabango ya plastiki yanayochapwa kwa kompyuta yalipoenea, mafundi wa kuyaandika upya wamezidi kupungua.

Huko Uingereza na Marekani matangazo ya namna hii yamepewa jina lenye maana ya "maandishi ya mizimu", na mwaka 1989 William Stage alitoa kitabu kizima kuhusu yale ya Marekani. Jina hilo likitiwa katika Kiswahili huleta maana ambayo huenda waliolibuni hawakuikusudia. Mzimu katika mila za watu wengi wa Afrika ya Mashariki si kivuli cha kutisha tu; una jamaa zake, una mahali pake, nao hutunzwa. Suala ni utunzwe kwa njia gani.

Kisa cha mji wa York, Uingereza, chafaa kutazamwa. Katika barabara ya Lord Mayor's Walk kuna ukuta wenye tangazo la vidonge vya Bile Beans, ambavyo mwenye kuvimeza kila usiku aliahidiwa afya, macho maangavu na umbo jembamba. Rangi ilipofifia, tangazo lilichorwa upya mwaka 2012 kwa juhudi za jumuiya ya York Civic Trust, na leo linang'aa. Hata hivyo, mahakama ya Uskoti ilikuwa imekwisha kuamua, mwaka 1905 na tena katika rufaa mwaka 1906, kwamba biashara ya vidonge hivyo ilijengwa juu ya udanganyifu: mwanasayansi aliyedaiwa kugundua mmea wake huko Australia hakuwahi kuwapo. Uongo huo si sababu ya kuufuta ukuta. Historia ya biashara ina uongo mwingi na ni haki uonekane. Lakini kinachoonekana York sasa ni rangi ya mwaka 2012 inayosema maneno ya watu wa zamani. Mkono wa fundi wa kwanza umefunikwa, pamoja na kupauka kwenyewe, ambako nako kulikuwa shahidi wa miaka iliyopita. Anayetaka kuujua ukuta wa awali hana budi kutegemea picha zilizopigwa kabla ya ukarabati.

Kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maneno yenyewe ndiyo yanayotafutwa. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji, vitabu vya shule vilipitia mikononi mwa wakaguzi. Kuta hazikukaguliwa na mtu. Fundi aliandika jinsi alivyosikia na jinsi mteja wake alivyosema: huyu "yauzwa" na yule "inauzwa"; huyu akibadilishana "r" na "l" kwa athari ya lugha yake ya kwanza; mwingine akiunganisha maneno ambayo sarufi huyatenganisha. Mwalimu akipita ataona makosa. Mwanaisimu akipita ataona ramani ya lahaja na matamshi, na atasikitika akisikia kwamba mwenye duka ameamua kuandika upya kwa "Kiswahili sanifu".

Kuta hizo pia zilishiriki katika kuingiza maneno. Omo, Kimbo na Kiwi yalikuwa majina ya bidhaa za makampuni. Yakarudiwa ukutani, dukani na jikoni hata kwa wasemaji wengi yakawa nomino za kawaida, kiasi kwamba mtu anaweza kutumwa omo akarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine asigombwe. Tena wabunifu wa matangazo walichota katika fani ambazo hadhira ilizijua. Kaulimbiu ya bia ya Tusker, "Bia yangu, nchi yangu", imegawika vipande viwili vinavyolingana kama jina la kanga. Ile ya Pilsner, "Imara kama simba", ni tashibiha ambayo ingekubalika katika utenzi. Coca-Cola nayo imetangazwa kwa kitenzi "burudika", na wachache hukumbuka kwamba "burudika" na "baridi" vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu.

Ukuta mmoja wa duka waweza kuwa na tabaka kadhaa, na tabaka hizo hutoa tarehe. Mfano ulio karibu ni wa simu za mkononi nchini Kenya: kampuni iliyoanza mwaka 2000 kwa jina la KenCell iliitwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Ukuta uliopakwa kila jina lilipobadilika una miaka kumi ya historia katika unene wa milimita chache. Nchini Tanzania, Tigo ilipogeuka kuwa Yas mwaka 2024, mzunguko ulianza tena. Sheria nayo hufuta: Kenya ilipopiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007, kuta za sigara zilipoteza haki ya kuonekana. Marufuku hiyo ilistahili. Ila lugha ya kuwashawishi watu wavute sigara ni sehemu ya historia ya Kiswahili, nayo haihifadhiki pasipo picha.

Katika miji ya mawe ya mwambao, mlinzi wa jengo na mtafiti wa lugha hawaelewani kwa urahisi. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huhitaji kupumua. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani na mwishowe lipu hubanduka. Kwa mhifadhi wa majengo, basi, tangazo la rangi ni ugonjwa wa kutibiwa, na hoja yake ni ya kweli. Sheria haimsaidii mtafiti pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964, kwa kipimo chake cha umri, hulinda majengo ya kabla ya mwaka 1863; la baadaye hungoja kutangazwa na Waziri.

Kwa hiyo kazi iliyo ndani ya uwezo wa vyuo ni kunakili kabla ya kukwangua. Picha ipigwe asubuhi au jioni, mwanga unapoulalia ukuta, na ipigwe tena baada ya mvua, maana ukuta uliolowa mara nyingi hufichua herufi zilizofunikwa. Maneno yanakiliwe pamoja na makosa yake. Na fundi, kama yu hai, ahojiwe. Johannes Fabian alifanya hivyo Katanga miaka ya 1973 na 1974, alipoyarekodi kwa Kiswahili cha huko maelezo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya picha zake. Bila sauti hiyo, picha zingebaki nusu.

Muda wenyewe si mrefu. Mwaka 2017, nyumba na maduka mengi kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, yalivunjwa kupisha upanuzi wa barabara. Jengo linalosubiri kuvunjwa huwekewa alama ya X kwa rangi nyekundu, nayo huchorwa kwa brashi, juu ya maandishi yoyote yaliyoikuta hapo.