Mvua ya Mawe na Tadbiri za Watu wa Kericho

Katika nchi ya Kericho na Bomet, ambako upepo wenye unyevu utokao Ziwa Nyanza hukutana alasiri na miinuko ya Mau, ukapandishwa juu kwa nguvu hata maji yake yakaganda, mvua ya mawe huanguka mara nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Lakini kule kutafakari namna ya kuikabili hasara isiyotabirika kulianza huko kabla mche wa kwanza wa chai haujatiwa ardhini.

Wakipsigis wa zamani waliuhesabu utajiri kwa ng'ombe, na kwa kuwa maradhi au uvamizi ungeweza kulimaliza zizi zima, mwenye mali aliwatawanya wanyama wake kwa marafiki wa mbali kwa desturi iitwayo kimanagan, rafiki akipata maziwa, naye mwenyewe akibaki na haki ya mfugo na uzao wake. Hapakuwa na hati wala mhuri. Dhamana ilikuwa ni heshima ya mtu, nami sidhani kwamba mabwana wa bima wamepata kubuni tadbiri nyepesi kuliko hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwapa ardhi ya Wakipsigis maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, nao wakayatia matumaini yao yote katika zao moja, yaani kitani. Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, jamii yao ikafilisika, na ardhi ile, badala ya kurejea kwa wenyewe, ikafungua njia kwa makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands.

Makampuni hayo hayakuridhika kuistahimili mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 yalirushwa angani, kutoka mashamba ya Kericho, makombora yenye baruti yaliyokusudiwa kupasuka ndani ya mawingu, na H. W. Sansom wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki akayachunguza matokeo yake kwa miaka minne. Kisha zikaja ndege za kampuni moja kutoka Fresno, California, zilizomwaga iodidi ya fedha mawinguni ili mawe yawe mengi na madogo, yayeyuke kabla ya kufika chini. Ilikuwa azma kubwa, na hata ya kustaajabisha, ila kuthibitisha kwamba wingu fulani lingeangusha mawe zaidi kama lisingeguswa ni kazi inayomshinda hata mwenye vipimo vingi, kwani hakuna alasiri mbili zilizo sawa.

Tena mawe hayaui mchai; hupasua majani na kujeruhi matawi, mavuno yakapotea kwa majuma kadhaa, kisha mti ukachipua upya. Na kwa kuwa dhoruba hupita katika ukanda mwembamba, kampuni yenye mashamba mengi hupoteza sehemu tu ya mavuno yake, ilhali mkulima mwenye ekari moja, mawe yakimwangukia, hana kingine cha kuchuma. Hatari ni ile ile, mizani siyo.

Kwa hiyo halmashauri iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, KTDA, ilikuwa na maana kubwa kuliko yale makombora. Majani ya maelfu ya wakulima yalikusanywa kiwandani pamoja, kila mwezi mkulima akilipwa kiasi kilichowekwa kwa kila kilo, na baada ya mwaka kwisha akipata bonasi kutokana na mauzo. Nako Bomet, viwanda kama Kapkoros na Tirgaga vilitiwa katika utaratibu huo huo. Lakini mkulima aliyepigwa na mawe hulipwa kwa kilo alizopeleka tu, na bei ya mnadani Mombasa ikishuka, gharama za kiwanda hukatwa kwanza, ndipo bonasi ikahesabiwa kwa kilichosalia.