Kibuye, Mitumba na Kompyuta ya Mifumo Miwili

Soko la Kibuye, kando ya barabara itokayo Kisumu mjini kwenda Kondele na Kakamega, hufurika hasa Jumapili, na mpita njia huliona kama mwisho wa safari ya vitu: nguo na viatu vya mitumba, mbao, vyuma chakavu, akala zilizokatwa kwenye tairi. Mimi naona kinyume. Soko la namna hii ndipo masharti ya mtengenezaji yanapokoma na ya mnunuzi yanapoanza. Sijui kifaa kinacholionyesha jambo hili vizuri kuliko kompyuta ndogo ya kupakata ya miaka ya 2007 hadi 2012, ile netbuku, inayowekewa Windows na Linux katika diski moja ili mwenyewe achague kila anapoiwasha. Wengi huuhesabu utundu huo kuwa burudani ya wataalamu wa ng'ambo. Kwa mji kama Kisumu, nadai, ni tawi la biashara ya mtumba na kazi ya jua kali.

Tangu reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, Kisumu imekuwa ikipokea bidhaa zilizokwisha kuamuliwa kwingine. Kilichobadilika baadaye ni umri wa bidhaa zenyewe. Biashara ya mitumba ilipolegezewa kamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kiwanda cha nguo cha KICOMI kikafa katika muongo huo huo, kuvaa nguo iliyovaliwa na mwingine kukawa jambo la kawaida, na kuipunguza au kuishona upya kukawa ajira. Serikali ilichelewa kuuona ujuzi wa aina hii. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoifanya sekta isiyo rasmi izungumzwe. Rais Moi akawatembelea mafundi wa Nairobi mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda. Sera ya jua kali ikaandikwa 1992. Zote ziliwaza nyundo na bati. Kompyuta haikuwamo, maana siku hizo ilikuwa kitu cha ofisini, chenye kitambaa chake cha kukinga vumbi.

Netbuku ilikuja na masharti mepesi, kisha ikawekewa mazito. Eee PC 701 ya Asus, ya mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4 na Linux iitwayo Xandros. Microsoft ilikuwa imepanga kusitisha uuzaji wa Windows XP Juni 2008 ili Vista ishike nafasi. Ilipoona soko linaponyoka, ikairefushia XP maisha kwa ajili ya mashine hizo ndogo. Mwaka 2009 ikaleta Windows 7 Starter, toleo lililomnyima mwenye mashine hata ruhusa ya kubadili picha ya nyuma ya kioo. Kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer walikuwa wameachana na netbuku, na tarehe 8 Aprili 2014 XP ikaacha kupewa viraka vya usalama. Mashine zenye prosesa ya Atom, RAM ya GB 1 na diski ya GB 160 zikabaki nzima kabisa, ila hazina mwenyewe tena kiwandani. Bidhaa ya hivyo ndiyo hushuka bei hadi mwanafunzi akaimudu.

Kwa nini basi mifumo miwili, si mmoja? Tazama mahitaji yaliyomkabili mnunuzi. Vyuo vya pakeji vilifundisha Word, Excel na Access. Fomu ya kodi ya iTax ilipakuliwa kama jedwali la Excel lenye makro. Kuifuta Windows kulikuwa kujifungia mlango. Lakini Windows hiyo hiyo iliambukizwa na flashi zilizotoka saiba: faili zinafichwa, mahali pake zinakaa njia za mkato za uongo. Ukiwasha Linux unaziona zote, na kirusi kilichoandikwa kwa Windows hakina la kufanya. Kazi yenyewe haitaki pupa. Netbuku haina nafasi ya CD, kwa hiyo CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta kuanzia 2005 hadi 2011 hazikuifaa, ilibidi flashi. Windows hutangulia, kwa kuwa ikiwekwa nyuma hufuta kianzishi cha mwenzake bila kuuliza. Diski za wakati ule hazikubali sehemu kuu zaidi ya nne, na mara nyingi moja ilikwisha shikwa na mtengenezaji kwa ajili ya kurejesha mfumo. Kisha kuna saa. Isipoelekezwa vingine, Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya UTC, na Windows huisoma kama saa ya mahali. Kisumu iko mbele kwa saa 3, hivyo anayetoka Linux saa sita mchana hukuta Windows ikimwambia ni saa tatu asubuhi. London wakati wa baridi, kasoro hiyo haionekani kabisa.

Kuna atakayesema kwamba mafundi waliweka tu nakala ya wizi ya Windows 7, wakalipwa, basi. Ni kweli, na nakala hizo zilikuwa nyingi kuliko Linux. Lakini nazo zilikuwa kuyakataa masharti ya mtengenezaji, ila kwa njia iliyomwacha mteja bila uhakika wa kilichomo. Mifumo miwili iliyakataa kihalali. Pingamizi zito zaidi ni simu: IDEOS ya Huawei, iliyouzwa na Safaricom mwaka 2011, iliwapa watu intaneti mfukoni kabla hawajagusa netbuku. Hilo silibishi. Simu hiyo, hata hivyo, haikumwuliza mtu anataka mfumo gani. Na akiniambia mtu kuwa undugu na jua kali ninaulazimisha, kwa sababu tairi likishakuwa akala halirudi kuwa tairi, nitamwonyesha boda boda ya baiskeli: kiti cha sponji juu ya keria, abiria asubuhi, gunia jioni, na baiskeli ni ile ile.

Kwa netbuku zenyewe muda unayoyoma. Atom N270, iliyokuwa ndani ya nyingi za 2008 na 2009, ni ya biti 32 tu. Ubuntu iliacha kutoa toleo la mezani la biti hizo mwaka 2017, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imefuata. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia kikomo, na kompyuta nyingi imara zisizotimiza masharti ya Windows 11 zinaelekea kwenye mkondo wa mtumba. Vyuo vya pakeji vya Kisumu visingoje zifike. Vianze sasa kufundisha kugawa diski, pamoja na Word.