Mji Uliolala Karibu na Kipini

Ndugu msomaji, ukifika Kipini, pale maji ya Mto Tana yanapoingia baharini, usidhani nchi ile ni ya minazi na mikoko tu. Si mbali na hapo, katika vichaka, umelala mji wa mawe uitwao Ungwana. Wenyewe walikuwa Waislamu, na kuta za msikiti wao zingalipo, ingawa mapaa yamekwisha anguka.

Mto unaouona leo sio walioujua wao. Zamani hapo palikuwa mlango wa Mto Ozi, na Tana ukitokea kusini zaidi. Katika karne ya 19 Ahmad Simba, Sultani wa Witu, alichimbisha mfereji wa Belezoni ili mashua zivuke kutoka mto mmoja hadi wa pili. Mafuriko yakaufuata mfereji, yakaupanua, hata maji mengi ya Tana yakahamia Kipini.

Wazee hulionyesha huko kaburi la Fumo Liongo. Tena mwaka 1507 Wareno wa Tristão da Cunha waliuteketeza mji waliouita Hoja, na baadhi ya wataalamu huona kuwa ndio Ungwana. Basi ukiambiwa magofu yote ya pwani yalihamwa kwa sababu ya majini, usikubali upesi. Binadamu pia ana ya kujibu.

James Kirkman alichimba Ungwana katika miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka mwaka 1966. Ushahidi wake mkubwa ni vigae. Bakuli la Kichina lina mtindo wa zama zake. Kigae chake kikikutwa chini ya sakafu, twajua sakafu ile haikuwekwa kabla yake. Lakini sharti kiwe mahali pake. Ukikichukua kupambia kabati, hakisemi tena neno.

Na tumechukua mengi. Tazama makaburi ya kale ya pwani: vile vishimo vya duara ndivyo vilivyopachikwa mabakuli, nayo yameng'olewa. Wako wanaobomoa kuta wapate mawe ya kujengea, na wako, Mungu atuhifadhi, wanaofukua makaburi wakitafuta dhahabu. Aliyelala mle alioshwa, akakafiniwa, akasaliwa na jamaa zake, kama tunavyotaraji sisi.

Nenda na wanao wakati wa kiangazi, majani yakiwa mafupi. Watoleeni salamu waliolala, kisha waonyeshe watoto kibla. Mmoja akiokota kigae, akitazame apendavyo, akirudishe pale pale alipokitoa.