Siha ya mwili na ya moyo kwa wanaoishi na virusi vya HIV

MNAMO mwaka wa 1987, Joe Muriuki alipimwa na kuambiwa kwamba alikuwa na virusi vya HIV, na kwamba alikuwa amebakisha miezi michache tu ya kuishi. Ndiye Mkenya wa kwanza kujitokeza na kutangaza hali yake hadharani, wakati ambapo hapakuwa na dawa za kumfaa na jamii nyingi ziliuona Ukimwi kuwa aibu isiyotajwa. Hakufa mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Alifariki Februari 2022, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Tangu siku zile mambo yamebadilika pakubwa. Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, na kufikia 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa zikitolewa bila malipo katika hospitali za umma. Tangu 2016, kila anayepatikana na virusi huanzishiwa matibabu mara moja bila kusubiri kinga yake ishuke. Anayeanza mapema na kuzingatia maagizo aweza kuishi umri unaokaribia ule wa mtu asiye na virusi.

Hata hivyo, dawa humfaa tu yule anayeimeza. Aliyelemewa na hofu, upweke na fedheha ndiye mwepesi wa kuiacha. Kwa sababu hiyo, mwili na moyo hauna budi kutunzwa kwa pamoja.

Dawa kila siku

Watu wazima wengi nchini humeza tembe moja tu kwa siku, yenye mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Tembe hii huzuia virusi kuzaana ila haiviangamizi kabisa, kwani vingine hujificha ndani ya chembechembe za mwili. Dawa ikikatizwa, virusi huzaana upya na huweza kujenga usugu dhidi yake.

Chagua saa moja isiyobadilika, mathalani baada ya kupiga mswaki asubuhi. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Lakini ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, endelea na dozi hiyo wala usimeze mbili kwa mpigo. Baadhi ya watu hukosa usingizi wanapoanza kutumia dolutegravir. Hao huweza kushauriwa waimeze asubuhi badala ya usiku.

Mweleze daktari kuhusu dawa nyingine zozote unazotumia. Rifampicin, inayotibu kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir, na mgonjwa huhitaji kuongezewa dozi. Baadhi ya dawa za kutuliza kiungulia nazo huizuia isifyonzwe vyema mwilini, hivyo hazifai kumezwa kwa wakati mmoja nayo.

Kipimo cha wingi wa virusi katika damu ndicho kinachoonyesha iwapo matibabu yanafaulu. Idadi hiyo ikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, na ikabaki hivyo, mtu hawezi kumwambukiza mwenzake kupitia ngono. Habari hii imewarejeshea wanandoa wengi utulivu. Mipira ya kondomu bado ni muhimu kwa kujikinga na magonjwa mengine kama vile kaswende na kisonono.

Tahadhari na wanaodai kuponya. Mwaka wa 2011, maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa iliyosemekana kutibu maradhi sugu. Baadhi yao waliacha ARV na hali zao zikadhoofika. Kufikia leo hakuna mitishamba wala maombi yanayoweza kuchukua nafasi ya dawa hizo.

Mzigo wa moyo

Mshtuko, hasira, majuto na hofu ni hisia za kawaida kwa aliyepokea matokeo. Lakini huzuni ikidumu kwa majuma mawili au zaidi, mtu akawa hali, halali, anawaepuka watu au anawaza kujitoa uhai, huo ni ugonjwa unaotibika. Amweleze mhudumu wa afya bila kuchelewa.

Siri nayo ina gharama yake. Kuna wanaohamishia tembe kwenye chupa nyingine ili zisitambulike, na wanaoziacha nyumbani wanapokwenda matangani wakihofia macho ya jamaa. Kila siku ya kujificha namna hiyo yaweza kuwa siku isiyo na dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Hii si kusema kwamba kila mtu lazima ajitangaze. Mara nyingi msiri mmoja anayeaminika, awe mwenzi, dada au rafiki, hutosha kukukumbusha dawa na kukusindikiza kliniki. Makundi ya wanaoishi na virusi pia husaidia, kwa kuwa humo hakuna haja ya kujieleza sana. Ikiwa unahofia kupigwa au kufukuzwa nyumbani, zungumza kwanza na mshauri nasaha.

Sheria nayo i upande wako. Sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inaharamisha kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, nafasi ya masomo au ndoa. Aidha, inakataza kufichua matokeo yake bila idhini, na iliunda mahakama maalumu ya kusikiza malalamishi.

Chakula, mazoezi na uchunguzi

Lishe bora haihitaji vyakula vya bei ghali. Omena, maharagwe, mayai, kunde, mchicha, viazi vitamu na matunda ya msimu hujenga mwili. Chemsha maji ya kunywa. Punguza pombe, kwani humsahaulisha mtu dawa na kuchosha ini, na uache sigara.

Kutembea kwa miguu nusu saa kwa siku huimarisha moyo, hudhibiti uzani na kuleta usingizi. Pima shinikizo la damu na sukari. Kikohozi, homa, jasho la usiku au kupungua uzani ni ishara za kuchunguzwa kifua kikuu. Wanawake wenye virusi wamo katika hatari ya kupata saratani ya mlango wa uzazi takriban mara sita kuliko wenzao, hivyo wasikose kupimwa.

Kwa jamaa na marafiki, kula pamoja, kukumbatiana au kutumia choo kimoja hakuambukizi. Mtengee mgonjwa wako nafasi mezani, wala si kikombe cha peke yake. Huenda hilo ndilo litakalompa moyo wa kumeza tembe ya kesho.