Mji kasoro bahari, mlima wa akina mama

Ukishuka stendi ya Msamvu asubuhi, kabla jua halijawa kali, tazama milimani. Uluguru umesimama pale, mawingu yamekaa mabegani, na chini yake mji ndio kwanza unaamka. Kila mgeni anatoa simu na kupiga picha. Akienda Bwawa la Mindu jioni anapiga nyingine. Si bure Morogoro ikaitwa mji kasoro bahari.

Mimi ni mtoto wa mji huu na picha hizo nimezipiga nyingi tu. Lakini hivi karibuni mjomba alinipigia simu kutoka upande wa Kinole, kwao mama. Akasema, "Mpwa wangu, wapimaji wanakuja kijijini. Shamba la bibi yako lazima liandikwe jina. Njoo, na wewe ni mwenye nalo." Nikacheka. Baba yangu ni Mhehe wa Iringa, na jina langu la mwisho ni la Kihehe. Nitakuwaje na shamba Kinole? Mjomba hakucheka.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari nilirudi kwenye vitabu vya historia. Niliyoyakuta yamenibadilishia mlima wote.

Tuanze na mji. Huku bondeni aliyetawala katika karne ya 19 ni Kisabengo, Mzigua aliyejenga mji wenye ukuta kando ya njia ya misafara. Baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alimkuta mwanamke huyo ndiye mwenye mji. Lakini utawala wa Kisabengo ulikuwa wa tambarare. Kule juu hapakuwa na mfalme wa Waluguru wote.

Kule juu kulikuwa na lukolo, yaani ukoo. Mluguru huzaliwa katika lukolo ya mama yake, na ardhi ni ya lukolo. Mkuu wa ukoo ndiye anayegawa mashamba, na akifa anarithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada, si mtoto wake wa kumzaa. Mtu wa ukoo mwingine akiomba pa kulima, anakaribishwa na kutoa ada ndogo ya heshima. Analima na kuvuna, lakini anajua kwamba yeye ni mgeni pale. Akitaka kuweka kitu cha kudumu, hapo ndipo maneno yanapoanza. Leo umepanda mti, kesho utasema shamba ni lako.

Msidhani basi kwamba wanawake ndio waliokuwa na kauli. Ardhi ilipita kwa mama, lakini aliyekaa mbele na kusema ni mjomba.

Na machifu je? Chifu Kingalu wa Kinole, ambaye soko kuu la Morogoro limepewa jina lake, alisifika hasa kwa mvua. Watu walimpelekea zawadi mbingu zilipogoma. Ni Waingereza, walipotaka kutawala kupitia machifu, waliohitaji sultani mmoja wa kuwapa amri Waluguru wote. Amri za namna hiyo mlima haukuzizoea.

Upande mwingine wa milima kuna pango la Kolelo, ambako watu waliamini anakaa mzimu mwenye umbo la nyoka mkubwa. Hata Wazaramo walisafiri kutoka pwani kwenda kuomba mvua na mavuno huko. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, Uzaramo ulivuma habari kwamba Kolelo amekataza watu kuwalipa Wajerumani kodi. Mzimu wa mvua na mashamba ukageuka sauti ya siasa! Lakini tukikumbuka kwamba kodi ilitoka shambani, na shamba lilitegemea mvua, hatutashangaa sana.

Sasa tufike mwaka 1955, ambao naona vijana wengi wa Morogoro hatuujui kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Udongo ulikuwa unaporomoka, na mito ya Ruvu na Ngerengere inaanzia humo. Hoja haikuwa ya kijinga. Mpaka leo Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe na kila mkulima, kwa amri, na mkaidi aadhibiwe. Mwezi Julai 1955, huko Matombo, hasira zikafurika. Umati ukarusha mawe, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Ni rahisi kusema wazee wetu walikuwa wabishi wasiotaka maendeleo. Lakini hebu tuwasikilize. Matuta yalikula siku nyingi za kazi. Pale ambapo udongo mzuri ni ngozi nyembamba, ukichimba sana unaufukia na kuleta juu ule usiozaa. Na juu ya yote, tuta ni kitu cha kudumu. Mgeni akichimba matuta kwenye ardhi ya lukolo nyingine, ni nani mwenye shamba kesho? Ofisa aliona udongo tu, mzee akaona na mirathi. Na kama mnadhani Mluguru hawezi ngazi, nendeni Mgeta mkaone mboga za sokoni zinalimwa wapi. Ngazi zimepanda mlima mzima, na hakuna anayezichimba kwa kuogopa faini.

Mwaka 1963 serikali huru ilifuta utawala wa machifu. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Inatambua haki ya kimila na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Mwaka 2008 msitu wa juu ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Kila mara mlima unaandikwa upya kwa kalamu nyingine. Nasi wa mjini, maji yakikatika, tunamlaumu mkulima wa mlimani, tena tumeshika simu yenye picha ya shamba lake.

Basi nikaenda Kinole. Tulikaa kwenye mkeka, mjomba, mama, mama mdogo na mimi. Swali lilikuwa fupi: tuandike jina la nani? Likiandikwa la mjomba, siku akiondoka karatasi itawatambua watoto wake, nao ni wa lukolo ya mama yao. Nikiandikwa mimi, wanangu watafuata lukolo ya mke wangu nitakayemwoa, na sijui atatoka wapi. Bibi alilima pale maisha yake yote bila karatasi, na hakuna aliyemuuliza.

Mwisho tuliandika majina matatu, la mama, la mama mdogo na la mjomba. Sheria inaruhusu. Mjomba alitia sahihi wa mwisho, akaiangalia karatasi kwa muda. Kisha akaniuliza, "Wewe msomi, humu pameandikwa wapi kwamba hawa ni dada zangu?"

Sikuwa na jibu. Karatasi inasema shamba ni la nani leo. Kwa nini ni lao, na liende kwa nani baadaye, hayo bado yako vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Ndugu zangu, wewe ambaye kwenu ni huko juu, kabla hujapiga picha nyingine ya Uluguru, mpigie mjomba wako. Muulize lukolo yako ni ipi na shamba la bibi linaishia wapi. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ndipo nikajua.