Kuua na kuacha kufa: Mpaka uko wapi?

MGONJWA wa saratani iliyokwisha kuenea mwilini anaporudishwa nyumbani Werugha, katika milima ya Taita, jamaa zake hujiuliza swali zito: je, wamemwacha apumzike, ama wamemuua?

Maadili ya uganga hutenganisha mambo mawili. Kuua ni kutenda jambo liletalo kifo, mathalani kumdunga mgonjwa sumu. Kuacha kufa ni kutompa tiba, au kuikatiza, hata ugonjwa wenyewe ukamaliza uhai.

Mwaka 1975, mwanafalsafa Mmarekani James Rachels aliutilia shaka mpaka huo. Alisema kwamba anayemtazama mtoto akizama, ilhali angeweza kumwokoa na anatamani afe, hana nafuu kuliko anayemzamisha kwa mikono yake.

Hata hivyo, mahakama zimeushikilia. Mwaka 1993, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliruhusu madaktari waache kumlisha kwa mpira Tony Bland, kijana aliyepoteza fahamu kabisa katika mkasa wa uwanja wa Hillsborough wa 1989. Majaji walisema kuwa tiba hiyo haikumfaa tena, lakini kumdunga dawa ya kumuua kungekuwa mauaji.

Nchini Kenya, Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 chakataza kumnyima mtu uhai kwa kusudi, ila sheria inaporuhusu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 225, yatoa kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mwenzake kujiua. Kifungu cha 213 chamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo iwapo, kwa kitendo au kwa kutotenda, ameharakisha kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa ungemuua hata hivyo. Katiba, Kifungu cha 43, nayo yakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura.

Kwa hiyo kutotenda pekee si kinga. La kupimwa ni iwapo tiba ingefaa, mgonjwa anataka nini, na nani ana wajibu wa kumhudumia.

Mgonjwa wa saratani aliyerudishwa Werugha, akapewa mofini ya kutuliza maumivu na kuuguzwa na wanawe, ameachwa afe kwa heshima. Jirani yake mwenye nimonia inayotibika, aliyebaki kitandani kwa kukosa nauli ya kufika hospitali ya Voi, naye hakuguswa na mtu. Lakini kifo chake kina wa kukijibia.