Viziwi, Mikono na Kura ya Milan

Katika kijiji cha Chilmark, kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, katika karne ya 19 mtu mmoja kati ya 25 hivi alikuwa kiziwi. Uziwi ulirithiwa katika koo za wahamiaji kutoka Uingereza zilizooana zenyewe kwa vizazi vingi. Majirani wenye kusikia nao walijua lugha ya alama tangu utotoni. Wavuvi waliitumia kuzungumza kutoka mashua moja hadi nyingine, na watu waliendelea nayo hata pale pasipokuwa na kiziwi. Viziwi walilima, walivua, walioa na kuolewa, na walishika madaraka ya kijiji. Mtafiti Nora Ellen Groce, aliyeandika habari zao mwaka 1985, aliwakuta wazee ambao uziwi wa jirani haukuwa jambo la kwanza kulikumbuka wamtajapo.

Kwingineko viziwi walitakiwa wao ndio wawafuate wenye kusikia. Hata hivyo jijini Paris, karibu na mwaka 1760, padre Charles-Michel de l'Épée alianza kufundisha kwa alama alizozikuta kwa viziwi wenyewe, akiongeza za kwake ili kuonyesha sarufi ya Kifaransa. Kinyume chake Samuel Heinicke, aliyefungua shule Leipzig, Ujerumani, mwaka 1778, alishikilia kwamba fikra haikomai bila sauti. Wawili hao walibishana kwa barua.

Ubishi huo ulikatwa kwa kura. Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wajumbe 164, karibu wote wenye kusikia. Katika ukumbi ule viziwi, waliokuwa wakiamuliwa maisha yao, karibu hawakuwa na sauti. Kura 160 zilitaka mtoto afundishwe kwa matamshi na kusoma midomo, 4 zilipinga. Matokeo yake yalikuwa mazito. Walimu viziwi walipoteza kazi. Watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao, wakakaa miaka wakifinyanga sauti wasizozisikia, huku hesabu na historia zikisubiri. Ni mwaka 2010 tu, Vancouver, ndipo kongamano la mfululizo uleule lilipotamka majuto yake.

Haki inanidai niseme kwamba wengi wa watetezi wa matamshi walikuwa na nia njema. Mmoja wao, Alexander Graham Bell, alikuwa na mama kiziwi na alimwoa mwanamke kiziwi. Aliamini kusema kutamfungulia mtoto milango ya kazi na jamii. Lakini Bell huyohuyo alihofia viziwi wakioana wataunda jamii yao ya kipekee, na hofu hiyo siwezi kuitetea. Ajuaye kusema kidogo na kufikiri kidogo hajafunguliwa mlango wowote.

Mwaka 1960 mtafiti wa lugha William Stokoe alionyesha kuwa lugha ya alama ya Marekani ina muundo kamili, kama lugha yoyote. Kufikia hapo Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11, alikuwa amekwisha kufungua shule Accra, mwaka 1957. Alianzisha zaidi ya shule 30 barani Afrika, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Alileta elimu palipokuwa hapana, ila alama zake za Kimarekani zilizifunika nyingi za wenyeji.

Katiba ya Uganda ya 1995 iliitaka serikali ikuze lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Katiba ya Kenya ya 2010 iliiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini kwenye zahanati nyingi za Afrika Mashariki kiziwi bado huingia na ndugu wa kumsemea, na mama mjamzito hulazimika kumweleza daktari siri ya mwili wake kupitia mkono wa mwanawe.